Tusiwanunulie Vijana Taa

Sisi wazee tuna sentensi moja ambayo tumeirudia hadi imeota sugu midomoni mwetu: kompyuta ya michezo ni upotevu wa fedha. Nimeisikia barazani, nimeisikia msibani tukisubiri chai, nimeisikia kwenye foleni ya wastaafu tukingoja kuhakikiwa. Kwa miaka mingi nami nilikuwa miongoni mwa walioisema kwa sauti kubwa. Leo naandika kuipinga. Siipingi kwa kuwa nimegeuka mpenzi wa michezo hiyo; macho yangu hayawezi kuufuata hata ule mpira wa kwenye kioo. Naipinga kwa sababu ilinigharimu shilingi 950,000 za pensheni, na kwa zaidi ya mwaka mmoja ilininyima mazungumzo na mjukuu wangu.

Mimi ni mwalimu. Nilihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1972, nikafundisha hesabu, nikawa mwalimu mkuu katika shule tatu za msingi, na mwaka 2010 nikastaafu. Nalitaja hili si kwa kujisifu, bali ili msomaji aone kosa langu lilivyokuwa kubwa. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote alishindwa kusoma hesabu iliyoandikwa na mtoto aliyelelewa nyumbani mwake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mjukuu wangu, ambaye anaishi nasi hapa Morogoro na wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu, alinijia na karatasi ya daftari la hesabu. Aliniamkia, akakaa, akaninyoshea ile karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na mistari saba. Kila mstari ulikuwa na jina la kifaa, bei yake, na maelezo mafupi ya kwa nini amekichagua hicho na si kingine. Juu yake aliandika: "Kompyuta ya kuunda mwenyewe, ya kuchezea gemu."

Ndugu msomaji, katika ofisi yangu ya mwalimu mkuu hakuna mwalimu aliyepata hata boksi la chaki bila kueleza sababu. Nilikuwa nikiwarudishia watu barua zao kwa wino mwekundu: "Sababu?" Na sasa nimeletewa ombi lenye sababu saba, nami sikusoma hata moja. Nilisoma kichwa cha habari tu. Nikaona neno gemu, nikaikunja karatasi na kusema, "Kwanza masomo." Mtoto akasema, "Sawa, babu," akaondoka.

Bibi yake alinisema sana wiki ile. Alinikumbusha kuwa kijana yule hanywi, hazururi, na kila likizo anashinda kwenye kibanda cha fundi simu akijifunza kazi. Moyo ukalainika, lakini kiburi hakikulainika. Nikaamua kumnunulia kompyuta, ila kwa akili yangu mimi, si kwa karatasi yake. Nikapanda basi peke yangu hadi Dar es Salaam. Dukani nikakuta kasha la kioo linalowaka taa nyekundu, kijani na buluu, zikizunguka kama za kwenye harusi. Mbele lilikuwa na stika ya Core i7. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hii ni i7. Ukishanunua hii, umemaliza." Nikalipa shilingi 950,000 kama mtu anayetoa mahari ya binti ambaye hajamwona uso.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kibaya hakikujitembeza tu; kilijiwashia na taa.

Nilipofika nyumbani mjukuu wangu alinishukuru kwa adabu zote. Kisha akafungua ubavu wa kasha, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akauliza taratibu, "Babu, waliiona lebo ya pawa saplai?" Nilichukia. Nilidhani ni utovu wa shukrani. Nikamwambia kuwa enzi zetu mtoto akipewa kiatu haulizi soli yake imeshonwa na nani. Hakuuliza tena.

Mwezi wa tano baada ya hapo, jioni moja umeme ulikatika na kurudi, ukakatika tena na kurudi kwa nguvu. Kukasikika mlio mdogo kama wa bisi, na harufu ya plastiki ikajaa sebuleni. Pawa saplai ilikuwa imeungua, na haikufa peke yake. Ilikwenda na mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, pamoja na kadi ya grafiki. Mjukuu wangu hakusema, "Nilikuambia." Hilo ndilo lililoniumiza. Alifunga kasha, akafagia, akaenda kulala. Tangu siku ile tukawa tunazungumza kuhusu kuku, mvua na ada, lakini kompyuta haikutajwa tena kati yetu.

Tuna methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeifundisha kwa vizazi vya watoto. Sikumbuki kuwahi kufundishwa ya upande wa pili, ya mkuu asiyesikia la mdogo, ilhali guu lililovunjika hapa lilikuwa langu.

Kwa kuwa situpi karatasi, ile orodha niliikuta katika faili miezi kadhaa baadaye, nikavaa miwani na kuisoma kama ninavyosahihisha mtihani. Naomba nieleze nilichokiona, kwa sababu ubishi wangu wote umesimama hapo. Ninasema kwamba kijana anayechagua vifaa vya kompyuta yake kimoja kimoja, akiwa na fedha haba, anafanya hesabu ya kweli kuliko nyingi tulizowapa ubaoni. Na ninasema kwamba mzee anayempora kazi hiyo ya kuchagua, hata kwa nia njema, anampora somo lenyewe.

Kijana hakuanza na prosesa, wala na stika. Alianza na kioo cha kutazamia. Aliandika kuwa monita tuliyokuwa nayo ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukizidisha unapata nukta 2,073,600. Ikiwa picha zinabadilika mara 60 kwa sekunde, kompyuta inatakiwa ichore nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Akaongeza kwamba vile vioo vikubwa vya 3840 kwa 2160 vina nukta mara nne zaidi, na kwa hiyo "hatuna haja ya kulipia kazi ambayo kioo chetu hakiiombi." Msomaji, hicho ndicho kinachoitwa kuanza na mahitaji. Katika maisha yangu ya kazi nimeona mipango mingi ya maendeleo iliyoanza na kununua gari.

Baada ya kioo akaja kwenye kadi ya grafiki, ambayo ndiyo inayochora picha. Hapo ndipo alipotenga fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya theluthi ya fedha zote. Kisha prosesa, inayofikiri na kuipa kadi maagizo. Sharti lake lilikuwa kwamba kimoja kisimsubirishe mwenzake: prosesa kubwa yenye kadi dhaifu ni mpishi hodari aliyepewa jiko la mshumaa, na kadi kubwa yenye prosesa dhaifu ni jiko kubwa lisilo na mpishi. Kisha RAM, gigabaiti 16, lakini kwa vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili husomwa kwa njia mbili kwa pamoja na kwa bei karibu ile ile unapata mwendo zaidi. Kisha diski ya SSD, kwa kuwa diski ya zamani ya kuzunguka inachelewesha kila kitu kufunguka. Hapa aliandika kuwa SSD ya kawaida inatosha, kwani ile ya haraka kupita kiasi haitaongeza chochote cha maana katika mchezo. Nilipigia mstari sentensi hiyo. Ni watu wachache, hata katika vikao vya bajeti za mamlaka kubwa, wanaojua kusema neno "inatosha."

Sasa tuje kwenye stika, maana hapo ndipo wengi tunapoibiwa mchana kweupe. Ile i7 niliyoinunua ilikuwa ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2011. Jina i7 ni cheo, si kipimo. Prosesa ya i3 ya kizazi cha kumi na mbili, iliyotoka mwaka 2022, inaishinda kwa mbali ingawa jina lake ni la chini. Na kwenye kadi za grafiki mambo ni mabaya zaidi. Kadi iitwayo GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine yenye jina lile lile, lakini kumbukumbu yake ni DDR4, inayosafirisha gigabaiti kama 17 kwa sekunde badala ya 48. Ile iitwayo RX 580 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na vitengo 2,304 vya kuchorea. Mwaka 2018 ikaingia sokoni huko China nyingine inayobeba jina hilo hilo ikiwa na vitengo 2,048. Jina moja, mali mbili. Katika ualimu tumewaona watu wenye vyeti vya namna hii, lakini angalau cheti cha mtu huwa na mwaka juu yake. Kijana anayejua kuuliza "ni ya mwaka gani, na namba zake kamili ni zipi?" amepata silaha itakayomfaa hata siku atakayochagua kiongozi.

Nimebakiza pawa saplai kwa makusudi, kwa sababu yeye mwenyewe aliiandika mwisho na kuipigia mistari miwili. Maelezo yake yalikuwa haya: "Hapa tusipunguze hata shilingi."

Baada ya kusoma hayo nilikwenda kuitoa ile iliyoungua, nikaisafisha lebo yake. Kwa herufi kubwa iliandikwa wati 500. Kwa herufi ndogo, chini, iliandikwa kwamba njia ya volti 12 ina ampea 18. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kuwa wati ni volti mara ampea. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Na katika kompyuta za siku hizi prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka njia hiyo ya volti 12. Prosesa ile ilikadiriwa wati 95, kadi wati 120. Jumla 215. Imebaki wati moja ya kulisha feni, diski na zile taa za harusi! Ongeza umeme wetu, ambao kwa jina ni volti 230 lakini hupanda na kushuka kama joto la mgonjwa, na ongeza kwamba pawa saplai za bei ya kutupa mara nyingi hupunguziwa vile vifaa vya kinga vya ndani ambavyo hukata umeme unapozidi. Ajali ile haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa imeandikwa kwenye lebo tangu siku ya kwanza, na mtoto aliuliza juu ya lebo hiyo, nami nikamjibu habari za kiatu.

Nataka kukiri jambo jingine. Katika mojawapo ya shule nilizoongoza, tulipata fedha za kujenga darasa, na hazikutosha. Kamati ikashauri tupunguze saruji ya msingi ili tubaki na fedha za rangi na vioo, kwa kuwa mgeni rasmi angekuja kufungua. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao kile, na sikukataa kwa nguvu iliyostahili. Darasa lilipendeza siku ya ufunguzi. Mvua za mwaka wa tatu ukuta ukapasuka, tukawahamisha watoto wakasomee chini ya mwembe. Hivyo nilipoiona ile mistari miwili chini ya neno pawa saplai, nilielewa mjukuu wangu alikuwa anasema nini, na nilijua kuwa akiwa na miaka kumi na sita alikuwa na msimamo ambao mimi nikiwa na arobaini na kitu sikuwa nao.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Watasema: hayo yote ni sawa, lakini kwa nini michezo? Si angeunda kompyuta ya masomo? Najibu kwamba hakuna kifaa cha masomo kinachokosekana katika kompyuta ya michezo. Inaandika, inahesabu, inachora ramani za nyumba, inahariri picha za video. Na kazi nzito hizo za kuchora na kuhariri zinataka kadi na RAM zile zile. Lakini sitaki kujificha nyuma ya jibu hilo, kwa sababu ni nusu ya ukweli. Ukweli mzima ni kwamba kijana anataka kucheza, na kucheza si dhambi. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na sijasikia mtu akisema kuwa kete zilimpotezea taifa muda. Bao la wazee linaitwa hekima na gemu la vijana linaitwa uvivu. Tofauti ni nani anayecheza. Ninachodai ni kiasi, na kiasi tunaweza kukifundisha tu tukiwa tumekaa chumba kimoja na anayecheza.

Watasema pia kuwa nchi yetu ina shida kubwa zaidi, na kuna nyumba ambazo fedha hizo ni ada ya mwaka mzima au dawa za mgonjwa. Hilo ni kweli, na sibishani nalo. Nyumba yenye mgonjwa imnunulie mgonjwa dawa. Wala simshauri mtu akope ili acheze. Kwa aliye na fedha ndogo zaidi, orodha ya mjukuu wangu ilikuwa na njia nyingine pembeni: kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, ya kasha kubwa, na kuiwekea kadi kama GTX 1650 ya wati 75 isiyohitaji waya wake wa umeme, kwa kuwa wati 75 ndicho kiasi ambacho mazabodi yenyewe hukipitisha kwenye nafasi ya kadi. Aliandika na tahadhari yake: zipo GTX 1650 zinazotaka waya, basi zitazamwe kwanza, na pawa saplai za kompyuta hizo za ofisini mara nyingi ni ndogo na waya huo hazina. Mtu mwenye orodha ya namna hiyo hawezi kuitwa mfujaji. Mfujaji nilikuwa mimi.

Na wapo watakaosema kuwa ni salama zaidi kuwazuia. Hao nawakumbusha historia. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilikuwa na sababu zake: fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kutumia mashine hizo katika hesabu za Serikali lilikuwa limeleta hasara. Nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka tulivyounga mkono. Lakini hasara ile haikuletwa na mashine kuwa mashine; kilichopungua ni watu wetu wanaoielewa. Tukaizuia mashine, na kwa kufanya hivyo tukachelewa kuwapata watu hao. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo sisi wa Mpwapwa tuliiimba asubuhi na jioni, ilitaka mwanafunzi afikiri mwenyewe na atumie mikono yake. Sasa amekuja mtoto anayefikiri mwenyewe na anayetaka kutumia mikono yake, nasi tunamwambia akanunue kilichokwisha fungwa, kwa sababu jembe lake halifanani na letu.

Desemba 2024, baada ya mjukuu wangu kumaliza Kidato cha Nne, nilimwita nikamrudishia karatasi yake. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, nimesahihisha. Nimekupa zote. Aliyeanguka ni mimi." Akacheka, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu. Kwa kazi ya simu alikuwa amejiwekea shilingi 700,000. Mimi nikaongeza 550,000. Tukapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam, na safari hii mimi ndiye niliyebeba mkoba, yeye akabeba orodha.

Pale Kariakoo nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akinunua. Prosesa ya Ryzen 5 5500, shilingi 270,000, mpya, na feni yake ndani ya boksi. Mazabodi ya B450, 210,000. Lakini hakulipa hadi muuzaji alipomhakikishia kuwa programu yake ya kuwashia imesasishwa, kwa kuwa mazabodi hizo zilitoka kabla ya prosesa ile na zisiposasishwa haziitambui. RAM vijiti viwili, 120,000. Pawa saplai ya wati 550, 170,000; alisoma lebo, akazidisha kichwani, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Kadi ya RX 6600 iliyotumika, 480,000. Hiyo aliitaka iwashwe palepale na ifanyishwe kazi nzito kwa nusu saa, akitazama joto na kusikiliza feni, maana alijua kuwa tangu Septemba 2022, uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za grafiki ulipokoma, kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni. Muuzaji alinung'unika. Kijana akasema, "Samahani kaka, fedha ni za mzee." Jumla ikawa 1,250,000 kamili. SSD na kasha vilipona kwenye ajali, tukavitumia tena. RAM za zamani nazo zilipona, lakini ni DDR3, na mazabodi mpya inataka DDR4. Hata tundu lake halilingani.

Bei hizo ni za siku ile, na asiyeona mabadiliko atapotea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba. Kwa hiyo sikuachii msomaji bei za kufuata. Nakuachia utaratibu: anza na kioo, pima kazi, ipe kadi fungu kubwa, linganisha prosesa na kadi, na usiguse fungu la pawa saplai.

Tuliiunganisha juu ya meza ya chakula. Nilipewa kazi ya kushika tochi na kuhesabu skrubu. Mwishoni niliomba nichomeke waya wa monita, nikauchomeka, tukawasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Moyo wangu uliruka. Nilisikia tena harufu ya mwaka 2023. Mjukuu wangu akazunguka nyuma, akatazama, akasema, "Babu, umechomeka kwenye mazabodi. Prosesa hii haina grafiki ndani yake. Hapo umebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu." Akauhamishia kwenye kadi, picha ikatokea.

Zile taa za kasha bado zipo. Amezizima. Anasema zinamchosha macho.

Wazee wenzangu, siwaombi mupende michezo ya kompyuta. Ninawaomba jambo dogo. Siku kijana atakapowaletea karatasi ya namna ile, msisome kichwa cha habari peke yake. Vaeni miwani, mkae naye, na mwulizeni kila mstari: kwa nini hiki, kwa nini si kile, cha mwaka gani, kinakula wati ngapi? Akishindwa kujibu, mrudishieni akafanye upya, kama tulivyofanya na watoto wa wenzetu kwa miaka mingi. Akiweza, mwongezeeni kile mlicho nacho na mwacheni achague. Ile i7 ya mwaka 2011 ipo hapa mezani kwangu. Inashikilia karatasi zisipeperuke ninapoandika.